Mafahali Watano Katika Zizi Moja



Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Juma hili nimekuwa nikiwakumbuka watano waliokaa, tena kwa kicheko.

Mwezi Aprili 1988, George Harrison, aliyekuwa mpiga gitaa wa The Beatles, alihitaji wimbo wa kujazia upande wa pili wa santuri yake ndogo. Akiwa Los Angeles, aliomba msaada kwa Jeff Lynne, mwenzake katika kutayarisha albamu yake ya mwaka 1987. Lynne alikuwa akifanya kazi na Roy Orbison, naye akakaribishwa. Studio haikupatikana kwa haraka ile, wakamwendea Bob Dylan, aliyekuwa na mitambo katika gereji ya nyumba yake huko Malibu. Gitaa la Harrison lilikuwa kwa Tom Petty. Alipolifuata, Petty akaambiwa aje naye. Hata jina la wimbo, “Handle with Care”, lilisomwa juu ya sanduku lililokuwamo gerejini.

Kampuni ya Warner Bros. ilipousikia, iliona ni wimbo mzuri mno kufichwa upande wa pili. Harrison akawarudia wenzake: tutengeneze albamu nzima. Dylan alikuwa karibu kuanza ziara, hivyo mwezi Mei walipata takriban siku 10 tu, katika nyumba ya mwanamuziki Dave Stewart. Magitaa waliyapigia jikoni.

Kinachonigusa ni namna walivyojishusha. Jina la kundi, Traveling Wilburys, lilizaliwa katika mzaha wa Harrison na Lynne kuhusu makosa madogo yanayojitokeza wakati wa kurekodi. Katika jalada la albamu hawakuandika majina yao yaliyojulikana duniani kote. Walijiita ndugu wa baba mmoja: Nelson, Otis, Lucky, Lefty na Charlie. Nyimbo zote zikatajwa kuwa za kundi zima. Harrison alijua uchungu wa kufunikwa. Januari 1969 aliwahi kuyaacha mazoezi ya The Beatles kwa siku kadhaa, akiwa amechoka kupewa nafasi finyu. Sasa yeye ndiye mwenyeji, na katika ule wimbo wa kwanza iliwekwa sehemu iliyolingana na sauti ya Orbison.

Albamu ilitoka tarehe 18 Oktoba 1988. Ilipanda hadi nafasi ya 3 katika chati ya Billboard ya Marekani, na mwaka 1990 ikapata tuzo ya Grammy. Orbison hakuiona tuzo hiyo. Alifariki tarehe 6 Desemba 1988, akiwa na miaka 52, hata miezi miwili haijatimia tangu albamu itoke. Katika filamu ya wimbo “End of the Line”, wenzake wanaimba ndani ya behewa la treni. Inapofika sauti yake, tunaonyeshwa gitaa likiwa limelazwa juu ya kiti cha kubembea. Albamu iliyofuata, ya mwaka 1990, waliifanya wakiwa wanne.

Kiti kile hunirudisha seminarini. Tulichaguliwa wanne, kutoka madarasa tofauti, tuimbe katika sherehe ya mwisho wa mwaka. Ubeti wa pili ulimfaa mwenzetu mmoja mwenye sauti nzito. Kila mmoja alilijua hilo, nami nililijua kuliko wote. Hata hivyo niliung'ang'ania. Mazoezi ya tatu hayakufanyika. Kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba ratiba ilitubana.

Mwenzangu yule alifariki miaka mitatu baada ya upadrisho wetu. Sikuwahi kumwomba radhi, wala sikuwahi kuusikia ubeti ule kwa sauti yake.

Jumamosi hii waimbaji wa vigango vyetu vinne wanakutana ili kuunda kwaya moja, na tayari nimesikia minong'ono juu ya nani ataongoza. Sitakuja na hotuba. Nawaombeni jambo moja tu: kabla ya kudai ubeti wako, msikilize kwanza aliyeketi kando yako, angali yupo kitini.

Nawatakia Dominika njema.

Paroko wenu