Saa ya mzee haiuzwi kwa mizani

Juma lililopita nilikuwa namaliza kurekodi katika kambi moja ya wakimbizi wa vita, mama mmoja akanisimamisha. Alifungua fundo la kitenge chake, akatoa saa ya mkono ya zamani, Omega ya chuma.

«Mwanangu, ninyi watu wa redio munajua mambo mengi. Hii ni ya marehemu bwana yangu. Kuna mtu anatoa dola 20. Anasema si dhahabu, haina kitu. Nimpe?»

Sikumjibu mara moja. Nilikumbuka saa ya kwetu.

Babu alikuwa karani kwenye shamba la kahawa upande wa Rutshuru. Kwa akiba ya miaka mingi alijinunulia saa ya Longines ya dhahabu. Kila jioni alikaa karibu na redio akingojea mlio unaotangulia habari, ndipo anaweka mishale sawasawa na kuitia ufunguo. Sisi watoto tulinyamaza mpaka amalize. Nafikiri kazi yangu ilianzia pale.

Babu alipofariki, saa ilibaki kwa baba. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka, lava ikapita katikati ya Goma hadi ziwani. Tulikimbilia Gisenyi, baba akiwa ameificha ndani ya soksi. Tuliporudi, nyumba yetu ilikuwa chini ya mawe ya moto. Baba aliipeleka saa kwa mnunuzi wa dhahabu. Yule mtu aliifungua kwa kisu, akang'oa mashine, akaweka kasha peke yake juu ya mizani. Alitoa dola 45. Mashine alimrudishia baba mkononi, kama mtu anayerudisha maganda ya karanga.

Pesa ile ilitulisha na kutulipia chumba. Baba simlaumu hata kidogo. Lakini nilipokuwa mtu mzima nikaanza kusoma habari za saa, nikaelewa kilichopotea siku ile.

Wanaokusanya saa za zamani hawanunui uzito. Mwaka 2017, kule New York, saa ya Rolex Daytona ya mwigizaji Paul Newman ilipigwa mnada kwa zaidi ya dola milioni 17. Nayo ni ya chuma. Mke wake alikuwa ameandikisha nyuma yake maneno ya kumwomba aendeshe gari kwa uangalifu. Saa ya babu isingefika huko, wala saa ya mama huyu. Ila wanunuzi wale wanatafuta vitu vilevile: mashine yake ya kwanza, uso wake wa kwanza, kasha lake, na habari za aliyeivaa.

Mashine ya babu ninayo mpaka leo. Nikiitia ufunguo, inatembea bila kasha. Imechongwa namba, na kampuni ya Longines kule Saint-Imier, Uswisi, inatunza madaftari ya zamani. Kwa namba kama ile wanaweza kusema saa ilitoka kiwandani mwaka gani.

Kwa hiyo nilimwambia mama yale ambayo baba hakuambiwa na mtu. Usisugue uso wa saa ili ung'ae. Usikubali fundi abadilishe uso wala mashine. Piga picha, andika namba, uulize mafundi wawili au watatu kabla ya kukubali bei. Usiitoe mbele za watu kambini. Na mwenye saa ya dhahabu atazame ndani ya kifuniko: 750 maana yake sehemu 750 kati ya 1000 ni dhahabu, neno «plaqué» maana yake imepakwa tu juu. Hata hiyo isiharakishwe kwenye mizani.

«Nitangoja kidogo,» akasema mama. «Lakini watoto wakikosa chakula, nitaiuza.»

«Ikibidi, uza, mama. Ila uza saa nzima, na kwa mtu anayejua ananunua nini.»

Aliitia ufunguo polepole, akaiweka sikioni. Kisha akaniuliza saa ngapi. Nilitazama simu yangu, nikamwambia, naye akaweka mishale sawa kabla ya kuifunga tena katika kitenge.