Akisema Ameshiba, Usimsadiki

Ndugu msomaji, ukitoka Bunda mjini ukaiacha barabara kuu iendayo Musoma, ukashika ile ielekeayo mashariki, utafika Nyamuswa. Mimi nilifika huko Desemba iliyopita, wakati pamba ndiyo kwanza inachomoza ardhini, na mvua ya vuli imeutelezesha udongo hata pikipiki iliyonibeba kutoka barabarani ikabidi isukumwe mara mbili, nami nikiwa mmoja wa wasukumaji. Mlima Chamriho ulikuwa umejitanda mawingu. Wenyeji wa hapa ni Waikizu, na masimulizi yao husema kwamba ukoo wa watemi wao wa mvua ulianzia kwa Nyakinywa, mwanamke aliyekuja kutoka Kanadi, Usukumani. Kwa wazee wa Ikizu, basi, hata mvua ililetwa na mgeni.

Lakini sikuzifuata habari za watemi. Nilimfuata mama mmoja, mkulima, ambaye binti yake wa kwanza alikuwa Ujerumani akikaa na familia asiyoijua, katika majira ya baridi ambayo mama huyo ameyaona kwenye picha tu.

Huenda umepata kusikia habari za mpango uitwao weltwärts. Serikali ya Ujerumani iliuanzisha mwaka 2008 ili kuwapeleka vijana wake kujitolea katika nchi za kusini, na wengi wao wamekuja kufanya kazi katika shule na vituo vya huku kwetu. Mwishoni mwa mwaka 2013 mlango ukafunguliwa upande wa pili, vijana wa kusini nao wakaanza kwenda kujitolea kule. Wengi hupokewa na familia zinazowapa chumba na kiti mezani. Binti wa Nyamuswa alikuwa mmoja wao.

Mama alinikaribisha ndani, akaniwekea kiti karibu na mlango palipo na mwanga, kisha akamwita mwanawe wa kiume, kijana aliyemaliza kidato cha nne, alete simu. Palikuwa na barua humo. Mama wa Kijerumani alikuwa ameandika kwa Kiingereza, kijana akaifasiri. Ilisema kwamba binti ni mpole, anasaidia kazi, lakini anakula kidogo mno na amekonda. Kila akiulizwa hujibu kwamba kila kitu ni kizuri. Je, ni mgonjwa? Je, kuna chakula anachokihitaji?

Kwa wazazi wake binti alikuwa akiandika neno lile lile kila siku: sijambo, nimekula, nimeshiba. Kwa ndugu yake ndiko alikosema kweli. Alikuwa akilala na njaa.

Njaa gani hiyo, katika nyumba yenye jokofu lililojaa? Fikiri, msomaji, jinsi wewe mwenyewe ulivyolelewa. Ukikaribishwa chakula ugenini, mara ya kwanza husema asante, nimeshiba. Mwenyeji hakubali, atakuambia onja tu, atakusogezea sahani, na ndipo utakapokula. Binti huyu alikataa kwa adabu, akangoja kubembelezwa, na sahani ikaondolewa. Kule neno la mtu huchukuliwa kama lilivyosemwa, na kumlazimisha mtu aliyekataa ni kumkosea heshima. Aliambiwa pia kwamba chochote kilichomo jikoni ni chake, ajihudumie. Lakini ni binti gani aliyelelewa Nyamuswa atakayefungua kabati la mwenye nyumba na kujikatia mkate?

Juu ya hayo kulikuwa na milango. Kwao Nyamuswa mlango uliofungwa mchana ni dalili ya ugonjwa au ugomvi. Kule kila mtu hufunga mlango wa chumba chake, naye akadhani wamemchoka. Na mwezi Desemba jua la nchi ile huchomoza yapata saa mbili asubuhi na kuzama yapata saa kumi jioni, hivyo muda wa kukaa ndani na mawazo ni mrefu. Tunasoma kwamba Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, jirani kabisa na hapa, alisoma Edinburgh tangu mwaka 1949 hadi 1952. Nikiwa pale Nyamuswa nilijikuta namfikiria Mama Mgaya aliyebaki Butiama, bila simu, akiwa hajui mwanawe amekula nini.

Baba wa binti, aliyekuwa amekaa kimya muda wote, alisema mtoto arudi. Mama alikataa.

“Akirudi sasa atakuwa ameshindwa na nini? Na viazi?” alisema. Maana alikwisha ambiwa kwamba usiku wa tarehe 24, ambao ndio Wajerumani hupeana zawadi, familia nyingi hula saladi ya viazi na soseji, na jambo hilo lilimstaajabisha kuliko theluji. Sikukuu nzima, viazi!

Ndipo akamwamuru mwanawe aandike jibu. Kijana alitaka kuanza kwa kumwita yule mama “Bibi Mheshimiwa”. Mama akasema hapana, andika “Mama mwenzangu”. Hilo lilimpa kijana taabu kubwa kulipata kwa Kiingereza, nami niliyejitia kumsaidia sikufanya vizuri zaidi. Kisha akaendelea, polepole, mikono yake ikichambua dagaa:

“Mwanangu si mgonjwa. Akisema ameshiba, usimsadiki. Mwulize mara ya pili, na ya tatu. Asipokula mara ya tatu, hapo kweli ameshiba. Nami nitamwambia kwamba kwenu huulizwa mara moja tu, ili ajifunze. Lakini kujifunza kuna siku zake. Hizi za mwanzo nisaidie.”

Barua ikaenda. Wakati ule kwao Ujerumani saa zilikuwa mbili nyuma ya zetu. Jibu lilikuja kabla ya magharibi: picha ya binti mezani, mbele yake sahani iliyojaa, na nyuma yake dirisha ambalo tayari lilikuwa jeusi kwa giza. Mama aliitazama sahani kwanza, uso baadaye.

Ugali wa mtama na muhogo uliletwa, pamoja na dagaa wale. Nilikula. Aliponisogezea tena nilisema asante, mama, nimeshiba. Hakunijibu. Alimega bonge jingine, akaniwekea.