Shangazi kaja Musoma na mbuzi wake

Msomaji wangu, kama una ndugu anayefanya kazi mkoa wa mbali, leo soma taratibu maana nazungumza habari zako. Ndiyo, wewe unayepiga simu saa nne usiku na kusema, "Niko Mwanza hapa, kesho naingia kwako." Karibu sana. Ila ujue kwamba ukishakata simu, huku nyuma kuna mtu anahesabu vikombe na kukagua chandarua.

Mwenzenu ni mtu wa Pangani, mkoa wa Tanga. Mwaka 2014 nilipangiwa kufundisha Musoma, mkoani Mara. Kwa watu wa kwetu huko si mkoani, ni ng'ambo. Barua ilipotoka bibi alilia, mama akanifungia maandazi ya kula wiki nzima, na shangazi yangu, dada yake baba, akauliza kama nimeshapata pasi ya kusafiria. Usimcheke. Miaka ya 1990 mabasi ya kwenda Musoma kutoka pande za pwani yalikuwa yanapita Namanga, yanakwenda Nairobi, halafu yanaingia tena Tanzania kwa mpaka wa Sirari, kwa kuwa barabara ya katikati ya nchi ilikuwa mbovu. Kwa hiyo kichwani mwa shangazi, Musoma ilikuwa iko nyuma ya Kenya.

Tena kulikuwa na ile habari nyingine. Pwani ukitaja Mara, watu wanaona panga. "Mwanangu, watu wa huko wakali!" Kila aliyekuja kuniaga alikuwa na kisa chake cha ukali wa watu wa Mara, na katika wote hao hakuna hata mmoja aliyewahi kuvuka Singida.

Basi nikaja, nikakaa, na wageni nao wakaanza kumiminika. Kwa uzoefu wangu wako mafungu matatu.

La kwanza ni mgeni wa semina. Huyu hana taabu, analala siku mbili, na utamjua kwa ndoo tupu aliyoibeba tangu kwao. Anataka dagaa na samaki wakavu wa kupeleka nyumbani. Asubuhi namteremsha Mwigobero, kule mwaloni, anajaza ndoo yake, anaondoka akinisifu kwamba nina moyo.

La pili ni mgeni wa Serengeti. Huyu anadhani nikifungua dirisha la jikoni natazamana na simba. Namweleza kwamba lango la Ndabaka aliliacha njiani alikotoka, kati ya Lamadi na Bunda, na wale nyani aliowaona kando ya barabara ndiyo Serengeti yenyewe ilikuwa inamsalimia. Akisikia kuna kiingilio na gari la kukodi, utamsikia, "Tuanze kwanza na ziwa." Ziwa ni bure.

La tatu, Mungu atunusuru, ni yule anayesema "napita tu". Huyu hupita wiki tatu. Wazee wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi sina shamba, nina madaftari ya kidato cha pili. Siku ya tatu nampa mgeni wangu rundo ajumlishe alama. Niamini, siku ya nne anakumbuka kwamba kwao kuna shughuli.

Wageni wangu wa pwani wakifika ufukweni wote huuliza swali moja: "Maji yanakupwa saa ngapi?" Nawajibu kwamba hayakupwi. Hili ni Ziwa Viktoria, ukubwa wake unakaribia kilomita za mraba 69,000, na kwa maziwa ya maji baridi duniani linashika nafasi ya pili kwa eneo. Halijai na kupwa kama bahari yetu, wala halina chumvi. Nikisema halina chumvi, mtu anachovya kidole na kulamba. Wote wanalamba! Kisha anavua viatu aingie, nami namvuta shati. Huku kuna kichocho, na vijidudu vyake hutoka kwa konokono wanaokaa kwenye maji ya kandokando penye majani. Picha piga, miguu acha nchi kavu.

Sasa siku moja, katikati ya kumkanya mgeni, nikajisikia nasema, "Sisi huku maji haya tunayachemsha." Sisi! Huku! Nilinyamaza kidogo. Mwaka mzima wa kwanza nilikuwa nasema "wao" na "kwao". Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mimi nilidhani maana yake ni kwamba mgeni huja na zawadi. Kumbe kuna maana nyingine. Mtu uliye ugenini, bila mgeni wewe ni mpangaji tu. Siku unayomwonyesha mwingine duka la mkaa liko wapi, na sato wa jana unamjuaje, siku hiyo umekuwa mwenyeji.

Yote hayo lakini yalikuwa mazoezi. Mtihani wenyewe ulikuja mwezi wa 7 mwaka 2019, shangazi alipotangaza kwamba anakuja.

Alitumia siku mbili za basi. Nilimpokea stendi ya Bweri, kachoka hoi, na gunia la nazi. Maana alishaambiwa kwamba minazi huku hakuna, akaona mtoto wa kaka yake anateseka. Tulipofika nyumbani majirani wakatoka kumlaki, wakampokea mizigo. Mmoja akamuuliza, "Mama, safari yote hiyo umebeba nini?" Naye kwa fahari akajibu, "Nimeleta nazi, na mbuzi wangu nimekuja naye."

Msomaji wa pwani umeshaelewa. Kwetu mbuzi ni kile kigoda chenye meno ya chuma cha kukunia nazi. Musoma mbuzi ni mbuzi. Habari zikaenea. Kabla ya magharibi jirani yangu wa nyumba ya tatu, mzee wa Kikurya, askari mstaafu, sauti kama ngurumo, alikuwa mlangoni na kamba mkononi. "Yuko wapi huyo mbuzi? Tumfunge kwangu, nyasi zipo!" Shangazi alikuwa ameshajifungia chumbani. Akaninong'oneza kwenye tundu la ufunguo, "Anagombana na nani?" Nikamwambia, "Hagombani shangazi, anatukaribisha."

Ikabidi mbuzi atolewe. Mzee akamgeuza huku na huku, akayagusa meno, akasema, "Huyu mmemkondesha." Nyua tatu zilisikia kicheko. Shangazi naye alicheka, ila mlango wa uani usiku ule aliufunga kwa komeo mbili.

Kesho yake nikampeleka sokoni. Pwani mtu anaponunua anasema "naomba", ndiyo adabu. Shangazi akasogea kwa muuza samaki, "Baba, naomba sato wawili." Yule kijana akamtazama, "Unaomba au unanunua?" Shangazi akataka kurudi nyumbani. Nikamweleza kwamba hapo hakutukanwa, kijana anataka kujua afunge au asifunge. Huku neno halivishwi kanga. Alipotajiwa bei akauma mdomo, lakini samaki alipoongezwa wa tatu bure, bila mtu kumsihi, nikamwona anatafakari.

Jioni akaja jirani yangu wa Kijita, ambaye milango yetu inatazamana. Mkono mmoja kikapu, mwingine kuku hai. Shangazi akanikanyaga mguu. Nikajua anachotaka kuuliza: nani atachinja? Kabla sijafungua mdomo, yule mama akasema, "Mama, nimemleta hai. Nimeona mtandio wako. Kijana wangu nimemtuma msikitini akamwite mzee aje achinje."

Shangazi akanyamaza. Na shangazi yangu kunyamaza si jambo la kila siku.

Kuku alipikwa, kikaletwa na ugali wa muhogo na mtama, ule mweusi wa huku. Shangazi akaniuliza kwa siri kama umeungua. Alipomaliza aliomba mwingine. Asubuhi akakaa juu ya mbuzi wake, akakuna nazi, akapika wale sato. Harufu ikapanda hadi nyumba ya tatu. Mzee wa kamba akaja tena, mara hii na sahani. Zile nazi zilizotakiwa kunitosha mimi miezi miwili zilikwisha kwa siku nne, kwa kuwa kila mama wa mtaa alitaka kukalia mbuzi ajaribu.

Jumamosi tukaenda Butiama. Mgeni wangu hata awe wa kupita, Butiama lazima afike. Tuliingia Makumbusho ya Mwalimu Julius K. Nyerere, kisha tukaenda Mwitongo, kwenye kaburi lake. Mwalimu alifia London tarehe 14 Oktoba 1999, akaletwa kupumzika hapa kwao, kwa Wazanaki, kwenye vilima vya mawe. Shangazi alisimama pale muda mrefu na mtandio wake. Akasema, "Huko ndiko alikotoka mpaka akaja kwetu? Mbona mbali hivi?"

Nikampa somo la historia, si ndiyo kazi yangu. Huyu naye alikuwa mwalimu ugenini. Mwaka 1934 alianza shule ya Mwisenge, hapa hapa Musoma, akaenda Tabora, akaenda Makerere, akafika mpaka Edinburgh. Akafundisha Pugu. Mwaka 1955 alipoacha ualimu kwa ajili ya kazi ya TANU, hana mshahara, aliyempokea nyumbani kwake Dar es Salaam alikuwa Abdulwahid Sykes. Mtoto wa Butiama alilala na kula kwa Waswahili wa mjini, na hakuna aliyemhesabia vikombe.

Shangazi akasema, "Basi hawa watu tunadaiana nao siku nyingi."

Tulipotoka kwenda kutafuta gari kulikuwa na mama mmoja anasubiri usafiri na kifurushi chake. Shangazi, kama kawaida ya mtu wa pwani, akaanza salamu ndefu. Kwenu wapi? "Buswahili." Shangazi akaruka. "Uswahilini? Ipi?" Yule mama akacheka, akaeleza kwamba ni Buswahili, kata ya humu humu wilaya ya Butiama. Lugha za huku Bujita ni kwa Wajita, Bururi ni kwa Waruri. Sasa Buswahili je? Shangazi hakungoja mwalimu asahihishe. Akashika kiuno, "Kumbe nina kwetu huku, na wewe hukuniambia!" Yule mama akampa kiganja, wakaagana kama ndugu.

Usiku ule ndipo alipofungua mkoba wake mdogo, ule asiouachia hata akilala. Akatoa karatasi. Msomaji, ilikuwa barua ya kubadilishana kituo. Shangazi alikuwa amemtafuta mwalimu anayefundisha Pangani, binti wa Bunda, akakubali kuja Mara ili mimi nirudi pwani. Upande wake umeshasainiwa. Nafasi yangu ilikuwa wazi. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yenyewe, nazi zilikuwa kisingizio.

"Nilikuja kukuchukua," akasema. "Bibi yako anazeeka, kila siku anauliza. Mimi nilidhani unalala na hofu. Sasa sema mwenyewe."

Sikulala vizuri. Bibi yangu ni bibi yangu, na Pangani ni mbali. Asubuhi nikampigia yule mwalimu wa Bunda, maana na yeye ana kwao na ana wazee. Nikamuuliza kama ana shida kubwa ya kurudi. Akacheka. "Mwalimu, mimi nilisaini kwa heshima ya shangazi yako. Alikuja mara nne. Na mama yangu Bunda naye ananisumbua hivyo hivyo, eti pwani nitarogwa." Kumbe tulikuwa wawili tunapangiwa na wazee, kila mmoja anaogopewa kwa watu walioshamzoea.

Tukakubaliana na shangazi: likizo zote mbili kubwa ni za bibi, bila kisingizio cha nauli. Barua akaikunja mwenyewe, akairudisha mkobani. Siku ya kuondoka mama wa Kijita alimfungia unga wa muhogo na dagaa, na kumwonyesha maji ya ugali yanavyopimwa. Mzigo ule haukuwa wake. "Huu wa yule binti wa Bunda," akasema. "Kama wao wanamtunza wangu, mimi namtunza wa kwao."

Na kweli anamtunza. Kila likizo binti yule akipanda kwao anapitia kwangu Musoma na nazi kutoka kwa shangazi, na akishuka anapitia kuchukua dagaa. Mbuzi yule hakurudi Pangani tena, anazunguka mtaani, na kumpata kwa zamu yangu ni kazi.

Kwa hiyo nyie mlio ugenini, wageni wapokeeni, na wengine wote karibuni Musoma. Ila jamani, simu ipigwe mapema. Na anayesema anapita tu, akumbuke kwamba kidato cha pili mwaka huu wako wengi.