Kidude cha Ufunguo wa Stoo

Nyumbani kwetu Tunduma ufunguo wa stoo ulifungwa kwenye kidude cha udongo wa kuchoma, cheusi, cha mviringo, chenye tundu katikati. Upana wake ulikuwa kama kitako cha chupa ya soda. Bibi alikuja nacho alipoolewa, kutoka Kamsamba, bonde la Ziwa Rukwa. Akishaweka ufunguo kando, sisi watoto tulikifanya tairi la lori la bati. Mji wa mpakani ule, ungecheza nini kingine?

Kila mtu alikuwa na lake la kusema. Baba mdogo, fundi wa reli ya TAZARA, aliapa kuwa ni washa ya mashine ya Mjerumani. Jirani alinong'ona habari za uganga. Mjomba, mvuvi wa Rukwa, akasema ni kizito cha kuzamisha nyavu, basi.

Jibu lilipatikana msibani. Bibi mkongwe wa ukoo alitumwa stooni kuchukua nyungo, akakitazama kile kidude, akaufungua ufunguo. Akachomoa kijiti kwenye fagio, akakipenyeza tunduni, akanyofoa pamba kwenye mto uliochanika. Akaviringisha kijiti pajani, akakiachia kikining'inia. Kikazunguka kwa kasi, na pamba ikawa inajivuta, inajisokota, uzi unarefuka. Waliokuja kulia wakasahau kulia.

Kumbe bondeni kule walivaa vya kwao. Walilima pamba, wakaisokota, wakaifuma. Wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 waliopita Ufipa na Rukwa waliikuta kazi hiyo vijijini. Kisha ikaja nguo ya merikani. Mwaka 1833 Marekani iliwekeana mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, na mashuka ya viwanda vya Massachusetts yakamiminika Zanzibar, yakabebwa na misafara hadi bara, yakawa nguo na fedha kwa pamoja. Vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani vilipoukata mkondo huo, nguo za Uingereza na India zikajaza pengo.

Husemwa nguo ya kigeni ilishinda kwa uzuri. Mimi naona ilishinda kwa muda: kusokota uzi wa shuka moja kunakula siku nyingi, na kuanzia 1898 Mjerumani alidai kodi ya kibanda. Mwenye kutafuta kodi atasokota saa ngapi? Leo vitenge huvuka kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa marobota, na hapa Tunduma hakuna anayeuliza uzi umetoka wapi.

Mjomba hajakubali hadi leo. Nimemwonyesha kuwa tundu liko katikati kabisa, kwa sababu likienda upande kidogo tu kidude kinayumba na uzi unakatika. Kizito cha nyavu hakihitaji usahihi huo. Anasema nikifunge kwenye nyavu nione kama hakizami.