Mtumbwi Wenye Kwikwi

Kabla sijaanza kulipwa kwa kuandika programu, nilikuwa na chumba kimoja Kirumba, karibu na soko la samaki la Mwaloni, ambako harufu ya dagaa iliingia hata dirisha likiwa limefungwa. Mbele nilitoa fotokopi na kutengeneza simu. Nyuma ya pazia watoto walicheza gemu kwa shilingi 200. Wateja wakipungua, niliandika gemu yangu mwenyewe: ziwa usiku, taa inaelea, mchezaji anapeleka mtumbwi kwenye mwanga na kutupa wavu. Niliiandika kwa JavaScript ili ichezwe ndani ya kivinjari, maana kompyuta zangu zilikuwa kuukuu.

Wa kwanza kuijaribu alikuwa mtoto wa jirani. Akabonyeza mshale wa kulia bila kuachia. Mtumbwi ukaruka kidogo, ukasimama, halafu ukaanza kwenda kwa kushtukashtuka.

"Anko, mtumbwi wako una kwikwi."

Nikadhani kompyuta imezidiwa. Nikaondoa mawimbi, nikaondoa nyota. Kwikwi ipo palepale. Jibu nililipata siku nilipofungua Notepad na kushikilia herufi a. Ilitoka moja, ikatulia, ndipo nyingine zikamwagika mfululizo. Kumbe kule kutulia kumewekwa kwa ajili ya mwandishi, asije akajaza herufi kwa sababu ya kidole kizito. Kwenye Windows unaweza kupanga muda wake, kuanzia robo sekunde hadi sekunde nzima. Mimi nilikuwa nasogeza mtumbwi kila taarifa ya kitufe inapofika, kwa hiyo mvuvi wangu alikuwa anapiga kasia kwa mwendo wa karani.

Nikageuza mpango. Kitufe kikibonyezwa, naandika kwenye orodha kwamba kimeshikwa, kikiachiwa, nafuta. Kisha kila fremu, yaani kila picha inapochorwa upya, kama mara 60 kwa sekunde, gemu inaitazama orodha na kuamua yenyewe. Taarifa zinazojirudia katikati hazina kazi tena. Mtumbwi ukateleza.

Nikanogewa, nikautia na wavu kwenye orodha hiyohiyo. Mtoto akashikilia kitufe cha spesi, nyavu 20 zikaisha ndani ya theluthi ya sekunde! Usukani unashikwa, lakini wavu unatupwa mara moja. Ikabidi nihifadhi na hali ya fremu iliyotangulia: wavu utoke tu ikiwa spesi imeshikwa sasa na punde tu ilikuwa huru.

Kosa lililoniaibisha lilikuwa jingine. Mchezaji ameshikilia mshale, mwenzake akabofya dirisha lingine. Kidole kikaachia wakati gemu haisikilizi. Taarifa ya kuachia haikufika, na mtumbwi ukaenda moja kwa moja hadi ukapotea ukingoni mwa skrini. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuja kuchukua simu yake, akachungulia juu ya bega langu.

"Mjomba, nahodha wako kalala?"

Siku ile ile nikaandika kwamba dirisha likiachwa, orodha yote isafishwe.

Kwa pedi ya gemu sikuwa na shida ya kwikwi, kwa sababu kivinjari hakikuletei taarifa ya kila kitufe chake. Unaiuliza mwenyewe kila fremu. Shida ilikuwa kijiti. Kinatoa namba kati ya -1 na 1, na kwenye pedi iliyopondwa na vidole vya mtaa mzima, sifuri haipatikani: mtumbwi unasukumwa na upepo usiokuwepo. Nikaamuru chochote chini ya 0.2, upande wowote, kisihesabiwe. Ukiishia hapo, mtumbwi utaondoka kwa kuruka mara kijiti kinapovuka mpaka huo, kwa hiyo nilitoa 0.2 kwenye ukubwa wa kilichosomwa, nikagawa kwa 0.8, mwendo ukaanzia chini kabisa. Wengi huisahau hesabu hii, na gemu zao utazijua kwa mkono.

Yangu haikuuzwa hata nakala moja. Pedi kongwe ninayo hadi leo. Iko mezani, hakuna aliyeigusa, na kijiti chake kinasoma 0.11.