Ritifaa ya Ng' Isifutwe Katika Anwani

Alama ya asilimia tumeizoea katika matokeo ya mitihani na riba za mikopo. Siku hizi inatujia pia katika anwani za wavuti. Ukinakili anwani ya makala ya Wikipedia ya Kiswahili ihusuyo ng'ombe na kuibandika kwingine, huenda ukakuta neno limekuwa Ng%27ombe. Wapo wanaodhani kuwa mashine imeliharibu neno. Mimi nalitetea umbo hilo mbele yenu, malenga na wapenzi wa lugha, kwa kuwa linaitendea lugha yetu haki kuliko tiba inayopendekezwa mara nyingi, yaani kuifuta ritifaa.

Kanuni yenyewe si ngeni. Iliwekwa mwaka 1994, kisha ikaandikwa upya Januari 2005 na Tim Berners-Lee, Roy Fielding na Larry Masinter. Anwani huruhusiwa kubeba herufi za Kilatini zisizo na alama za ziada, tarakimu, na alama chache tu. Kingine chochote husimbwa: huandikwa alama ya asilimia, kisha namba ya herufi hiyo katika hesabu ya kumi na sita. Nafasi kati ya maneno ni namba 32, nayo huwa %20. Ritifaa ni namba 39, nayo huwa %27.

Hapa Songea, tangu nistaafu, ninakusanya mashairi ya wanafunzi wangu wa zamani ili kila moja liwe na anwani yake, itokanayo na jina la shairi. Kijana anayenisaidia alinishauri: "Mwalimu, tuziondoe hizi ritifaa, anwani zitakuwa safi." Nikamwonyesha mashairi mawili katika mkusanyiko huo. Moja linaitwa "Ngoa", linasema juu ya wivu. La pili linaitwa "Ng'oa", linamhimiza mkulima ang'oe visiki. Tukifuta ritifaa, mashairi mawili yanagombea anwani moja, na litakalohifadhiwa baadaye litalifuta la kwanza. Kwetu ritifaa hiyo si pambo. Ni sehemu ya herufi, na herufi hiyo hutenga maana.

Basi tukafanya jaribio katika lugha ya programu iitwayo Python. Humo mna amri ya kusimba, quote, na ya kusimbua, unquote. Tuliipa ya kwanza ng'oa, ikatoa ng%27oa. Tuliipa ya pili ng%27oa, ikaturudishia ng'oa, bila kupungukiwa na chochote. Katika JavaScript, amri ya encodeURIComponent huiacha ritifaa kama ilivyo, kwa hiyo neno moja laweza kuonekana kwa sura mbili; lakini ukisimbua zote mbili, unapata neno lile lile.

Yako mambo mawili ya kuangaliwa. Kwanza, simba mara moja tu. Alama ya asilimia nayo ina msimbo wake, %25. Ukikisimba kilichokwisha kusimbwa, utapata ng%2527oa, na msomaji atakayesimbua mara moja atabaki na ng%27oa mkononi. Pili, programu nyingi za kuandikia hubadili ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Hiyo ni herufi nyingine kabisa, na msimbo wake ni %E2%80%99. Kwa jicho la msomaji ni ng' ile ile; kwa mashine ni maneno mawili tofauti, na kusimbua hakuyapatanishi. Chagua ritifaa moja, geuza zote ziwe hiyo, ndipo usimbe.

Washairi wetu wana historia ndefu na jambo hili. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalihifadhiwa kwa hati ya Kiarabu, ambayo kwa desturi haikutenganisha waziwazi o na u, wala e na i. Aliyeyasoma alihitaji kuijua lugha na mizani ili avipate vina sawasawa. Kazi hiyo ilifanywa na Mwalimu Sikujua pamoja na W. E. Taylor, na diwani ikachapishwa mwaka 1940 chini ya uhariri wa William Hichens. Kupotea kwa irabu katika maandishi kuliokolewa na waliokuwa na mashairi masikioni. Mashine haina masikio hayo. Ukishamfutia ritifaa, hajui kama ulikusudia ngoa au ng'oa.

Kuna mahali tunaposhindwa. Jina la kikoa, ile sehemu ya mwanzo ya anwani, halikubali ritifaa wala alama ya asilimia. Ndiyo maana majirani zetu wa Wanging'ombe, mkoani Njombe, husomeka katika anwani ya halmashauri yao kama wangingombedc. Hapo hatuna hiari. Lakini baada ya mstari mshazari unaofuata kikoa, hiari ni yetu, na hapo ndipo majina ya mashairi hukaa.

Kwa hiyo nawasihi wenye diwani katika wavuti: msione haya kwa %27. Haipendezi machoni, nakubali, lakini imeibeba sauti yetu salama hadi kwa msomaji. Anwani iliyo safi kwa sababu imefutiwa herufi ni anwani ya neno jingine.