MSHALE ULIOSEMA 70

Leo nataka kuungama jambo, na wengi wenu mlikuwepo, kwa hivyo sitapamba hadithi.

Mnaijua pikapu yangu. Ndiyo hubeba viti, spika na vijana wetu tukienda kuhubiri nje ya mji. Mwaka juzi giaboksi yake ilikufa. Ilianza kwa kulia kwenye gia ya tatu, mwisho ikakataa kabisa. Tukachanga, nikanunua nyingine iliyotumika. Ilitoka kwa gari la aina ileile, lakini la miaka ya baadaye.

Fundi aliifunga siku mbili. Gari likatembea vizuri, gia zikaingia laini, nikamshukuru Mungu. Kitu kimoja tu: mshale wa spidi ulilala kwenye sifuri. Gari langu ni la zamani, mshale wake unazungushwa na kebo inayotoka kwenye giaboksi. Ile giaboksi mpya haikuwa na kebo. Ilikuwa na sensa ya umeme, na dashibodi yangu haijui lugha ya umeme.

Nikaendesha hivyo wiki tatu. Nilijiambia, mimi ni dereva wa miaka mingi, nitaisikia injini. Lakini giaboksi ikibadilika, hata sauti uliyoizoea inakudanganya.

Baadaye fundi akatoa ile sensa, akatafuta kwenye vyuma vyake gia ndogo ya plastiki yenye mdomo wa kebo, akaipachika kwenye tundu lilelile. Mshale ukaamka. Akaniambia, "Pasta, shughuli imeisha." Nami nikaamini imeisha.

Jumamosi moja tulikuwa tunarudi kutoka Archer's Post. Mama mmoja wa maombi alikuwa amekaa mbele nami. Akasema polepole, "Pasta, mwanangu, unakimbia." Nikacheka. Nikamwonyesha mshale kwa kidole. "Mama, tazama mwenyewe. Ni 70." Akanyamaza. Baada ya kitambo akasema tena, na mara hii nikamjibu kwa ukali kidogo.

Mbaya zaidi, kesho yake nikiwa madhabahuni nilifanya mzaha juu ya watu wanaoogopa hata mtumishi akiendesha. Kanisa likacheka. Yeye akaangalia chini. Na mimi ndiye niliyesimamia mazishi ya kifungua mimba wake, aliyeuawa kwenye ajali ya barabarani. Nilijua hivyo nikiwa nimeshika maikrofoni.

Wiki mbili baadaye kijana wetu mmoja alikaa kiti kilekile, simu mkononi, ikisoma spidi kwa setilaiti. Akaniuliza kwa heshima, "Pasta, mshale unasema ngapi?" Nikasema 70. Akanigeuzia simu. Ilikuwa 80.

Tukajaribu tena na tena. Mshale 35, simu 40. Mshale 70, simu 80. Kila mara uongo uleule, moja ya nane. Ndipo nikakumbuka zile sehemu za mji ambako sheria inasema 50, na mimi nikiingia kwa amani moyoni, mshale kwenye 50, kumbe nakaribia 57. Watoto wa Kiwanjani wanavuka pale na mitungi ya maji. Mbuzi wanavuka. Hata kilomita zilikuwa zinaibiwa: gari likitembea 8, dashibodi inaandika 7. Oili niliyodhani nimebadilisha kwa wakati, nilikuwa nimechelewa.

Nikarudi kwa fundi, akanieleza, na somo lenyewe ni hili. Mshale hauoni barabara. Unahesabu tu mizunguko ya kebo. Katika magari mengi ya Kijapani ya kebo, mita imetengenezwa ikitarajia mizunguko 637 kwa kila kilomita. Kazi ya ile gia ndogo ni kuhakikisha hesabu hiyo inafika sawa. Meno yakizidi, kebo inazunguka polepole, na mshale unasema kidogo kuliko ukweli. Tuliitoa tukahesabu meno: 32. Tukapiga hesabu, 32 mara 70 gawanya kwa 80: tulihitaji meno 28. Akaipata, tukaifunga na kishikilio chake, tukatoka barabarani na ile simu. Sasa 80 ni 80.

Wapendwa, mshale uliokufa haukuwa na hatari kubwa kwangu. Ulipokufa nilijua sijui. Hatari ilianza ulipoamka ukasema uongo kwa ujasiri, nami nikautumia kumnyamazisha mtu aliyekuwa anasema kweli.

Wengi wetu tumeokoka. Mungu ametutoa kifua kibovu akatupa kingine, na tunashuhudia kwamba gari linatembea. Lakini nani amepima dhamiri yako tangu siku ile? Unasema, "Moyo wangu haunihukumu." Soma 1 Wakorintho 4:4. Paulo hakuona kosa ndani yake, lakini hakukubali hilo limhesabie haki. Alimwachia Bwana hukumu. Soma pia mwisho wa Zaburi 139. Daudi hajichunguzi peke yake, anamwomba Mungu amchunguze. Dhamiri ni mshale mzuri, lakini inahesabu kulingana na gia iliyofungwa huko chini. Kama gia ni kiburi, utakuwa na amani tele huku unakimbia.

Nilienda nyumbani kwa yule mama. Niliketi kwenye stuli, nikamwomba msamaha kwa ile safari na kwa ule mzaha. Nikamuuliza, "Ulijuaje, Mama?" Akasema, "Mwanangu, mimi sijui namba. Najua miti inavyopita." Jumapili iliyofuata nilirudia msamaha huo mbele ya kanisa, kwa maana mzaha niliufanya mbele ya kanisa.

Wiki hii fanya jambo moja. Mtafute mtu anayeketi karibu nawe safarini: mke, mume, mtoto wako mkubwa, mzee wa kanisa. Muulize, "Je, mimi nakimbia?" Kisha ufunge mdomo usikilize. Usimwonyeshe mshale.

Baba, katika jina la Yesu, tupime sisi watumishi wako kwanza. Na wale tuliowanyamazisha, wape tena sauti, utupe sisi masikio. Amina.

Ukibarikiwa, mtumie mwenzako. Na mkiniona barabarani nakimbia, nipigieni simu. Lakini nitaipokea nikishasimama kando.

Mtumishi wenu, Kiwanjani, Isiolo.